Shangazi, binti yangu ananiuliza ningempa ngapi

SWALI

Shangazi shikamoo. Naomba jina langu lisitoke mana wenzangu wa kwaya wanakusoma wote, wakijua ni mimi Jumapili sitakaa kwenye benchi kwa amani.

Mi ni mama wa miaka 44, nakaa Tabata, nina kaduka ka madaftari na kutoa fotokopi. Mume wangu ni dereva wa malori ya Kongo, akiondoka anakaa wiki tatu mpaka mwezi, foleni za mpakani unazijua. Kwahiyo nyumbani ni mimi na wanangu wawili, binti wa miaka 19 aliyemaliza form six mwaka huu na mdogo wake wa darasa la sita. Nakueleza hivi ili uelewe mashindano ya kwenye TV yameingiaje mpaka kwenye kikao cha familia.

Huyu binti alisoma bweni mpaka form four, aliporudi nikaona nimeletewa mgeni. Si kwamba tulikuwa tunagombana, hapana, ni ile "shikamoo mama" alafu mlango unafungwa, yeye na simu yake na earphone. Sa siku moja ya Ijumaa nimekaa sebuleni nimechoka, yeye kaunganisha simu kwenye TV, naona wasichana wa kizungu wamevaa magauni wanaimba wanalia, nikamuuliza hawa nao wanalilia nini. Shangazi alinielezea nusu saa nzima, mtu ambaye alikuwa hanipi dakika mbili! Kumbe ni mashindano ya zamani ya BBC ya kutafuta mtu wa kuongoza michezo yao ya jukwaani ya London, ile ambayo mtu anaigiza anaimba na kucheza humohumo, na mshindi hatafutiwi albamu, anapewa nafasi yenyewe ya mhusika mkuu. 2006 walimtafuta Maria wa The Sound of Music, 2007 wakatafuta kijana wa kuwa Yusufu yule wa kwenye Biblia, 2008 Nancy wa Oliver!, na 2010 Dorothy wa The Wizard of Oz. Tumeangalia yote. Yote kabisa, pesa niliyoweka kwenye bando nisiitaje hapa.

Ijumaa ikawa siku yetu. Nikifunga duka napitia karanga, yeye anachemsha chai ya tangawizi, tukakata kalenda ya zamani tukaandika kadi za namba moja mpaka kumi kama majaji. Tulikubaliana hakuna kuchungulia mshindi mtandaoni, yani mashindano yameisha miaka zaidi ya kumi lakini kwetu yalikuwa laivu. Siku ya fainali ya Nancy umeme ukakatika wamebaki wawili, Jodie na yule binti wa Ireland anaitwa Jessie, tukalala hatujui, asubuhi nimemtolea mteja kopi za cheti upande mmoja tu mana akili haikuwepo. Na mimi Shangazi ni jaji mkali. Nimeimba sauti ya pili kwaya miaka 20, mtu akiteleza hata kidogo nasikia. Wale wawili wa chini wanaimba kugombania kubaki, mzee mwenyewe Andrew Lloyd Webber, yule mtunzi wa michezo ya jukwaani, anamwokoa mmoja, na kwenye ile ya Dorothy anayetoka anavua viatu vyekundu anamkabidhi yule mzee alafu anapandishwa kwenye mwezi unaondoka nae juu huku watu wanaangalia. Mara ya kwanza nilisema hii ni roho mbaya. Baada ya wiki tatu mimi ndo nilikuwa nasema "huyu leo avue viatu mapema tukalale".

Basi akaanza kuimba na yeye. Kwanza jikoni, baadae mbele ya TV kashika mwiko, mdogo wake anapiga kura, na mimi nanyanyua kadi ya kumi. Kila wiki kumi. Hiyo kumi ndo imenileta kwako.

Ukweli ni kwamba sauti yake ni ya kawaida. Si mbaya, ukimweka katikati ya wenzie kwenye kwaya haharibu, ila akipanda juu anashuka, kinanda kinaenda kivyake na yeye kivyake, na pumzi inaisha mstari haujaisha. Angekuwa mtoto wa jirani ningempa tano, na siku nimeamka vizuri, sita.

Sasa amechaguliwa chuo kusoma uhasibu na siku za kuthibitisha zinahesabika, akatuambia haendi, anataka kwenda Bagamoyo TaSUBa kusoma sanaa. Baba yake alikuwepo, kikao kikaitwa, baba mkubwa, shangazi yake, wote. Baba yake anasema hajaendesha lori usiku miaka yote hiyo ili mtoto akacheze ngoma. Binti yangu akasema wala hakutetemeka, "mama ameimba kwaya miaka ishirini na yeye mwenyewe anasema nina kipaji". Watu wote wakanigeukia. Nikasema "anajitahidi". Usiku mume wangu akaniambia moto umeuwasha wewe, uzime wewe, mi Jumatano naondoka. Na pesa ya ada ni yangu ya kikoba, milioni moja na laki mbili, kwahiyo nikisema ndiyo inaenda nikisema hapana haiendi.

Alafu Ijumaa iliyopita tumekaa, wala hatukuwa tunaangalia hayo mashindano, akaniuliza taratibu macho yake yako kwenye TV, "Mama, ningekuwa mimi pale mbele ya yule mzee, sio hapa sebuleni, kweli kweli ungenipa ngapi?" Nikamwambia ngoja niangalie maharage. Shangazi, hatukuwa na maharage jikoni.

Nikimwambia ukweli naogopa ule mlango utafungwa tena. Nikinyamaza ataenda kuambiwa na watu wasiompenda. Nifanyeje?

Jaji wa Sebuleni, Tabata

JIBU

Marahaba mdogo wangu Jaji. Hayo maharage yamenichekesha mpaka mjukuu kaniuliza kulikoni, alafu baadae yakanikaa kifuani, mana ni mama gani hajawahi kukimbilia jikoni kisichokuwepo.

Ngoja nikurudishie barua yako kwa maneno yangu unione kama nimekuelewa. Una binti uliyempoteza kidogo ukampata kwenye kochi siku za Ijumaa. Katika furaha ya kumpata ukampa sifa ambazo moyoni huzikubali, sasa yeye kazichukua kama cheti kaenda nazo mbele ya baba yake. Na unajiona umebanwa kati ya kumvunja na kumwacha avunjwe. Lakini ndani yake kuna ada, kuna mume anayeondoka Jumatano, kuna siku za chuo zinakwisha, na vyote umevifunga fundo moja kwenye pindo la kanga. Nadhani ndo mana halifunguki.

Nianze na hiyo tano yako. Sikio lako naliheshimu, miaka 20 ya sauti ya pili si mchezo. Ila sikio la kwaya limefundishwa kutafuta sauti inayokaa na wenzie, na wewe mwenyewe umesema ungemweka katikati. Michezo ile inataka mtu asimame peke yake, aigize, acheze, aimbe huku anahema. Barua nzima umeniambia habari ya sauti tu. Akiigiza anakuwaje? Akishika huo mwiko mnacheka au mnanyamaza? Hujaniambia, na sijui kama umewahi kuangalia. Alafu umempima na watu waliochujwa kutoka kundi kubwa mno, wakapewa walimu wa sauti, bendi nyuma, maiki, taa, wiki nzima ya mazoezi ya wimbo mmoja. Yeye ana feni na mdogo wake. Kushuka juu na kukosa pumzi ni vitu ambavyo mwalimu anavifanyia kazi. Sisemi umekosea, mdogo wangu. Inawezekana akifundishwa miaka miwili bado ikabaki tano, wapo wengi tu wa hivyo na wana maisha yao. Nasema hujui, na mimi sijui, na hata yule mzee wa viatu vyekundu asingejua kwa kumsikia sebuleni kwako.

Mnamkumbuka huyo Jessie Buckley aliyewalaza gizani? Alipoingia kwenye yale mashindano alikuwa ametoka kukataliwa chuo cha maigizo. Akawa wa pili. Baadae akaenda kusoma chuo cha maigizo cha RADA cha London, na 2022 akatajwa kuwania Oscar. Na Connie Fisher, Maria wenu wa 2006, kabla ya hapo alikuwa anafanya kazi ya kuuza vitu kwa simu, akashinda, akaimba kwenye jumba la Palladium la London watu wakasimama, miaka kadhaa mbele madaktari wakamkuta na tatizo kwenye nyuzi za sauti na kuimba kule kukamshinda. Usije ukampelekea binti hadithi ya Jessie kumpa moyo wala ya Connie kumtisha. Nazitaja mana mmeangalia vipindi vyote mpaka mshindi alipolia, lakini maisha ya hao watu yalianza kipindi kilipoisha, na mwanao anakuuliza habari za maisha wakati wewe unajibu habari za kipindi.

Sasa niseme kitu ambacho labda hutakipenda. Huyu mtoto amekaa na jaji mkali miaka miwili. Ameona unawapa watu nne, unasema huyu pumzi, huyu anapiga kelele, huyu akalale. Ikifika zamu yake kumi, wiki hadi wiki, bila neno. Unadhani hajashtuka? Kakuuliza macho yake yako kwenye TV, kakuambia "sio hapa sebuleni", kakuambia "kweli kweli". Mimi nasikia mtu anayejua kwamba zile kumi zilikuwa za mapenzi, na sasa anaomba apewe hata nne, ila apewe na sababu kama wenzie. Naweza kuwa nimekosea, mi simjui. Lakini lifikirie hilo kabla hujaamua kwamba ukweli ndo utakaofunga mlango. Inawezekana mlango umeanza kusogea kwa sababu ya maharage.

Ukiamua kumwambia, mi namba ningeiacha kabisa. Tano ni neno la mchezo, halimsaidii mtu kuchagua chuo, na litamkaa kichwani mpaka awe bibi. Unaweza kumwambia ulichosikia hasa, akipanda juu panatokea nini, pumzi inamwishia wapi, na kama kuna mahali aliwahi kukugusa mwambie na hapo, lakini pawe pa kweli usije ukatunga kingine. Na hizo kumi mwambie zilikuwa za nini. Hatari yake unaijua, atalia, anaweza kujifungia. Kuna nyingine hujaiona, ukisema wiki hii, baada ya baba yake kukuambia uzime moto, atasikia umetumwa. Maneno yaleyale ukiyasema leo kabla ya Jumatano na ukiyasema wiki mbili mbele hayana uzito mmoja, ila na siku za kuthibitisha chuo nazo hazikusubiri wewe upate wakati mzuri. Hapo sina ujanja wa kukupa.

Ukinyamaza, kwa muda nyumba itatulia. Anaweza kwenda Bagamoyo na akafanya vizuri na ile tano ikabaki siri yako mpaka kaburini, yawezekana kabisa. Ila siku mwalimu akimwambia, swali litakalorudi Tabata halitakuwa la kuimba tena, atauliza "mama ulijua?"

Wengine wangekushauri umpeleke kwa sikio la tatu, na mi nimelipenda hilo kiasi. Mwalimu wa muziki asiye wa kwaya yenu, asiyekuogopa. Au mpande gari Makumbusho Jumamosi moja mwende hukohuko Bagamoyo, ni kama kilomita 70 tu, muone darasa lenyewe, muulize wanaingiaje, wanasoma nini, wanaomaliza wanakula wapi. Kile chuo kipo toka 1981, si kikundi cha mtaani. Mpate kuona na kipindi cha tamasha lao kama hamjawahi. Angalia tu usimtumie huyo mwalimu kusema ambacho wewe umeshindwa alafu ukarudi ndani ya gari unasema "pole mwanangu" kama vile nawe umeshangaa. Atakujua. Watoto wanajua.

Hapo katikati kuna njia nyingine ambazo sijui kwenye kikao kama zilitajwa au kila mtu alikuwa anapigania uhasibu au Bagamoyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanasomesha sanaa za maonyesho mpaka shahada, na mzee anayeogopa neno ngoma huenda neno digrii likashuka vizuri, ila sifa za kuingia zina mambo yake na wakati unaweza kuwa umepita. Anaweza kuanza uhasibu huku jioni yuko na kikundi, japo wengi wanaoanza hivyo kimoja kinakufa, na si lazima kife kile baba anachotaka kife. Anaweza kuomba asogeze mwaka, lakini chuo na bodi ya mikopo muwaulize wenyewe kwanza, msije mkaachia nafasi mkidhani inasubiri. Kuna na kwenda kupanga foleni kwenye mashindano ya kuimba ya Bongo Star Search mbele ya jaji Madam Rita, kwa pesa ni rahisi, ila pale una dakika chache, na ukiteleza unachekwa nchi nzima. Wapo wanaotoka pale wamekomaa na wapo ambao hawajaimba tena hata bafuni. Unamjua mwanao kuliko mimi.

Kuhusu mumeo, nisimseme vibaya, mtu aliyelala Tunduma kwenye kabini ili watoto wasome ana haki ya kuogopa. Na kwenye ajira hajakosea sana, hapa Dar hatuna jumba ambalo mchezo mmoja unachezwa mara nane kwa wiki mwaka mzima watu wanalipwa, kama West End ya London. Aliyesoma sanaa hapa anaungaunga, tamthilia, matangazo, bendi, kufundisha, maigizo ya mashirika ya kampeni za afya vijijini. Mlo upo ila haujapangwa kwenye meza. Lakini hilo la "akacheze ngoma" mkumbushe taratibu. Yeye kama ni wa rika lako au zaidi alivikuta vikundi vya sanaa vya TOT ya Kapteni Komba na Muungano ya Norbert Chenga. Mi nilikuwa nauza vitumbua asubuhi ili jioni nipate kiingilio. Unaingia mara moja unapata ngoma, ngonjera, kwaya, sarakasi, igizo la kuvunja mbavu, mwisho taarabu na mipasho, mji mzima umegawanyika kwa waimbaji, huyu wa Kopa huyu wa Nasma. Kuigiza na kuimba jukwaa moja watu wanalipa kiingilio, hatukuletewa na BBC. Muulize alikuwa upande gani, mtu hawezi kujibu hilo kwa hasira.

Na wewe huko nyuma ya pazia ungefanya nini kama mumeo angekubali? Nakuuliza kwa sababu pesa ya kikoba iko mkononi mwako na bado umeniandikia kama vile unasubiri hukumu ya watu wengine. Je, unachoogopa ni sauti ya binti, au ni kukosana na mumeo, au ni Ijumaa? Mana mi nilivyosoma, sehemu uliyoiandika kwa furaha kuliko zote ni karanga na kalenda. Kama ni Ijumaa, hiyo nadhani inaweza kusimama hata akienda uhasibu, hata akienda Bagamoyo, ila itabidi msiitegemeze kwenye kadi ya kumi. Na kama ni mumeo, labda wa kwanza kusikia habari ya zile kumi awe yeye, usiku kabla hajaondoka, nyie wawili tu, wala isiende kwa simu ya mpakani inayokatikakatika. Anaweza kukucheka. Anaweza pia kuichukua kama silaha akaenda kumwambia mtoto "hata mama yako hakuamini", na hapo utakuwa umechelewa kusema kwa mdomo wako. Mpime ulivyomzoea.

Sikuambii umwambie wala unyamaze. Ila lile swali bado liko sebuleni, kaliacha kwenye kochi, na akipita hapo analiona kama unavyoliona wewe.

Ukishaongea nae, au ukishindwa, niandikie tena hata mistari miwili. Na uniambie fainali ya Nancy mliinua kadi ngapi, mana mi kura yangu ilikuwa kwa Jessie, na yule mzee Lloyd Webber nae alikuwa upande wangu, na wote tukashindwa.

Shangazi